Neno la Kutafutia

Naandika: vidonda vya kulalia.
Makala elfu nne mia moja na tatu.
Nachuja kwa miaka mitano. Zabaki mia tisa.
Nachuja tena: nyumbani, si wodini.
Kumi na moja.
Saba zataka kulipiwa.

Famau, mkutubi, ameshika funguo:
"Jaribu neno jingine, nesi.
Malindi nzima imeshafunga."

Neno gani? Wenzetu wana godoro la hewa,
lina mota. Bi Kadzo, kule Muyeye,
ana mito miwili ya usufi
na bintiye, anayeamka kila saa mbili
kumgeuza, bila kengele.
Mgongo haujachubuka tangu Ramadhani.

Nafuta kisanduku. Naandika: Mbodze.

Hakuna matokeo.

"Umeliendeleza sawasawa?" auliza Famau,
mkono kwenye swichi ya feni.

Kwa dz, namwambia.
Kwa dz.