Bei ya Ganda

Nyanzala, umeniuliza bei tu.
Bei ni ndogo. Hilo ndilo la kwanza kuliogopa.

Pale Tabora mjini, karibu na stesheni,
yule kijana alinifunulia picha:
nyumba ya chuma, paa jekundu, ubavu wa kijivu,
pazia dirishani, maua kizingitini,
hata paka alikuwapo, amelala barazani.
Nikalipa pesa ya asali ya misimu miwili.
Risiti nikaifunga kwenye pindo la kanga,
sikusoma mstari wa chini, ule wa herufi za chawa:
*gamba pekee.*

Gamba pekee maana yake ni hii:
sakafu ni yako. Dari ni yako.
Mlango ni wako, na bawaba, na kitasa.
Dirisha utalikata mwenyewe kwa msumeno wa kukodi
na mbwa wote wa Usoke watalia.
Paka hayumo.

Lori lilifika likagomea mchangani.
Tukabeba nguzo mabegani, watu wanane kwa kila moja,
kama tunaozika majitu,
na mama mkwe, ameketi na ungo wake,
akasema bila kuinua macho:
"Mmeleta ganda. Karanga iko wapi?"

Fundi Mihayo alimwaga bolti juu ya turubai
akazihesabu kama karani wa chama cha msingi:
mia nne na tatu.
Mchoro unataka mia nne na kumi na mbili.
Akahesabu tena, safari hii amevua kofia.
Nikapiga simu.
"Hizo tisa zinakuja na lori lijalo, mama."
Huo ulikuwa mwezi wa Agosti.

Msingi: usimsikilize anayekwambia udongo wetu ni mgumu.
Ni mgumu Septemba. Njoo uukanyage Februari.
Zege lilimeza mifuko thelathini na mmoja ya saruji
na mbuzi wawili niliowauza nimegeuza uso.
Nyumba nyingine, alisema Mihayo, huogopa kuanguka,
hii inaogopa kupaa.
Ifunge chini kama mzigo
kwenye baiskeli ya mtu usiyemwamini.

Mchana wa Oktoba, ndani ni kikaango.
Kashindye amepachika chini ya bati
magunia yetu ya zamani ya tumbaku,
mpaka leo chumba kinanuka ule mwaka tuliodaiwa.
Alfajiri ya Juni bati linatoka jasho,
tone, tone, juu ya chandarua.

Na mvua ya kwanza!
Tulikuwa tunagombana, mimi na Kashindye,
juu ya hayohayo mabati,
ikashuka. Tukabaki tunafumbua midomo kama samaki,
mimi namlaumu, yeye ananilaumu,
hakuna aliyeambulia neno.
Ilipokatika tulikuwa tumesahau tulipoishia.
Kwa hilo sidai punguzo.

Najua utauliza: kwa nini, basi?

Wewe ndiye uliyelala chini ya ile boriti ya bibi.
Nje mti mzima, ndani unga.
Mchwa walikula kimya miaka yote ile
wakatuachia umbo.
Sasa usiku huwaona wakipanda,
njia yao nyembamba ya udongo juu ya msingi,
wanafika kwenye chuma,
wanaonja,
wanarudi.
Nimeamka mara mbili kwa tochi, nikawatazama tu wakirudi.

Bolti sita nilizipata kwa mtu wa reli, usiniulize zaidi.
Matundu matatu bado yako wazi, ukuta wa magharibi.
Saa kumi jioni jua hupenya humo,
shilingi tatu sakafuni,
na mwanangu wa mwisho huinama kuziokota
kila siku, kwa ukucha, kwa subira.
Mvua ikija tunakinga bakuli.

Ukienda kwa yule kijana, mpe salamu zangu.
Mwambie zile tisa bado ziko njiani.
Mwambie, lori lijalo, alete na paka.