Risiti ya Mhalule

Miaka kumi na sita nachomelea mageti hapa Kizota,
nyuma ya kinu cha alizeti.
Geti kazi yake ni kukataa.
Chuma kinene, moto mkali, kelele, basi;
mteja akilitikisa likagoma, analipa.

Ndipo akaja Mhalule, mstaafu wa reli,
na mabomba membamba kama mabua ya mtama
na picha iliyoliwa na mchwa upande wa mkia:
ndege ya mabawa ya ghorofa, Kongwa, enzi za karanga,
bibi yake kasimama pembeni, sufuria kichwani,
haitazami kamera. Anaitazama ndege.
"Nataka hii," akasema.
Nikadhani anataka fremu ya picha.

Bomba hili halitaki ubabe.
Ukizubaa pumzi moja, limetoboka.
Nimeweka kando mashine ya umeme, nimerudi kwenye gesi,
kwenye mwali mdogo wa buluu niliofundishwa chuoni nikaudharau.
Kila ncha naipiga tupa hadi iwe mdomo
unaolikumbatia bomba la pili bila kupitisha mwanga.
Kisha kidimbwi: chuma kinang'aa, kinatetema,
nakisogeza kama mtu anayehamisha kiini cha yai kwa kijiko.

Na upepo. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba haupigi hodi,
na kiungo kikipoa ghafla kinapasuka.
Tunafunga mlango, tunaziba dirisha kwa magunia,
mimi na Nyemo, mwanafunzi wangu,
tunaiva humo ndani.

Kiungo cha kumi na tisa
kilipasuka usiku. Ufa wa unywele.
Nyemo ndiye aliyeusikia: aligonga kwa sarafu ya mia,
akagonga cha ishirini, akarudi, akanyamaza.
Ningeweza kuufunika. Si rangi itapakwa?
Si kitambaa kitavikwa juu yake,
na hakuna jicho litakalofika tena hapa?
Geti likipasuka, mwizi anaingia.
Hiki kikipasuka

nilichukua msumeno.

Jana tumekitoa nje kiunzi kizima,
watu wawili tu, huku na huku, kama wahamisha kitanda.
Mbuzi wa jirani akapita katikati yake, akatokea upande wa pili
asijue alikuwa abiria.

Mhalule akadai risiti.
Kitabu changu kimechapwa zamani: Geti. Dirisha. Kitanda.
Kalamu ikasimama.
Kisha nikaandika: dirisha, moja.
Halina nondo.