Mkoba wa Kijani Mlangoni

Unaning'inia kwenye kitasa,
una sungura aliyepoteza jicho moja katika mashine ya kufulia.
Si wa shule. Nunzia ana miaka mitatu na miezi minne,
shule bado.
Ni wa siku ile
ambayo hapa Pozzuoli hatuiiti kwa jina;
tunasema tu "ikitokea",
na anayesikiliza anamalizia mwenyewe.

Nilianza kuupanga akiwa wa kunyonya:
nepi sita, kopo la maziwa ya unga, chupa mbili,
dawa ya homa na kijiko chake,
tochi, filimbi,
soksi za kuweza kuvisha kidole gumba.
Nikafunga zipu, nikajiona mama kamili.

Hazikupita wiki nane, nepi zikambana.
Nikapakua, nikapakia.
Mara viatu: namba ishirini, ishirini na mbili,
mara fulana inagoma kichwani,
mara maziwa yamepita tarehe
na mwenyewe sasa anataka mkate na nyanya.
Ndani ya bahasha ya plastiki,
pamoja na nakala ya cheti, kundi la damu
na simu ya shangazi Ersilia aliyeko Benevento,
kuna picha ya kitoto kipara nisichokijua tena.
Askari atamtafuta nani kwa picha hii?

Basi kila majira yakibadilika nakaa sakafuni,
namtoa wa jana, namtia wa leo.
Wengine wana albamu.

Na ardhi nayo inakua.
Bandarini maji yamerudi nyuma,
boti ya Procolo imekalia matope kama kuku anayeatamia,
na kijana wa vipimo hupita akisoma milimita
kama nami ninavyochora penseli kwenye mwimo wa mlango:
simama wima, kisigino ukutani, usidanganye.
Viwili vinapanda katika nyumba moja
na hakuna kinachoniomba ruhusa.

Mama mkwe ananicheka.
Mwaka wa sabini, walipotolewa mtaani kwao alfajiri,
aliondoka na mwanawe kwapani
na mkono wa pili umeshika kofia ya taa.
Si taa. Kofia yake tu, ya kitambaa, yenye shada.
"Kichwa hakikujua mkono umeokota nini," anasema.
Bado anayo.

Jumanne, saa saba usiku na dakika kidogo,
kwanza mngurumo, kama lori limepita chini ya kitanda,
halafu sahani.
Nikamzoa Nunzia na blanketi lake, nikanyakua mkoba,
ngazi, ngazi, ngazi,
uwanja.
Jengo zima limetoka na nguo zake za kweli:
mwalimu Tommasina na soksi za marehemu mumewe,
kinyozi bila meno.
Hewa inanuka kiberiti.

"Mama, kiu."
Nikavuta zipu.
Maji hakuna. Biskuti zimeacha makombo.
Kuna limau. Kuna rimoti ya televisheni.
Kuna kiatu changu, cha mguu wa kushoto.

"Ulisema vioo," akaniambia, "vinakata."

Nilisema, kweli. Nilimfundisha viatu vikae kando ya kitanda:
vyake.
Vyangu sikuwahi kuvipa mahali.
Nikaitazama miguu yangu juu ya mawe ya uwanja,
mitupu yote miwili,
na mmoja unavuja damu, wala sikuwa na habari.

Nikakivaa.
Tukakaa hadi kukapambazuka,
tukinyonya limau kwa zamu,
tukikunja nyuso.

Leo nimepakia upya. Maji, biskuti,
picha mpya (amekataa kucheka),
viatu namba ishirini na tano, vikubwa kidogo,
atavifikia.
Limau nimeliongeza mimi.

Kiatu changu cha kulia nakitafuta tangu asubuhi.
Namuuliza. Anaangalia dari.
"Nimekiweka," anasema.
"Ikitokea."