Kiingilio

Walipomfungua bandeji shangazi Subilaga,
mtoto wa jicho keshatolewa,
kitu cha kwanza alichosema ni, "Kumbe umenenepa."
Cha pili: "Basi la Tukuyu ni Jumatatu.
Leo Alhamisi. Nitembeze."

Nimtembeze wapi?
Mji huu nimeukaa miaka kumi na tisa
nao naujua kama fundi anavyoijua simu ya mteja:
nafungua, nachomea risasi, nafunga,
meseji za watu sisomi.
Kwangu mimi Dar ni Sinza mpaka Kariakoo kufuata vioo,
Kariakoo mpaka Sinza, na luku.

"Miaka kumi na tisa!
Umekaa mjini, au umewekwa?"

Tukaanza na tausi.
Ile bustani mkabala na Makumbusho ya Taifa
nimepita ubavuni pake nikifukuzia mzigo sijui mara ngapi,
sikujua mna ndege mwenye vazi la kifalme
na sauti ya paka aliyebanwa na mlango.
Shangazi akafumba jicho la zamani, akamtazama kwa jipya.
Akafumba jipya, akamtazama kwa la zamani.
"Kwa hili ni tausi. Kwa hili ni kuku."
Akacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ijumaa tukapanda pantoni,
na ng'ambo, Kigamboni, tukavua viatu.
Majini hakuingia. Alisimama pale povu linapoishia:
wimbi likija, anarudi hatua,
likiondoka, anasogea hatua,
kama mtu anayepatana bei na muuza vitenge.
Tukala mihogo ya kuchoma.
Akasema gimbi la kwao lingeuona huu mhogo lingeuonea huruma,
kisha akaagiza sahani ya pili, pilipili iongezwe.

Jumamosi mvua.
Tulishinda ndani, naye kalala chali
ananihesabia matundu ya bati. Kumi na moja.

Jumapili, baada ya ibada, Kijiji cha Makumbusho.
Dakika kumi kwa bajaji kutoka ninapolala!
Nikalipa dirishani, tukaingia chini ya miti:
msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo,
naye anapita mikono nyuma kama bwana afya.
Mbele ya nyumba moja akasimama.
Mianzi, udongo, mlango wa kuinamia.
Akasoma kibao bila kuniuliza herufi,
kidole kikifuata hewani,
silabi moja, silabi nyingine, Wa-nya-kyu-sa.
Akainama. Akaingia.

Nikangoja.
Nilipoingia nilimkuta amechuchumaa, anasogeza mafiga.
"Nani aliweka jiko hapa? Moshi si utamtoa mtu macho?"
"Shangazi, vitu vya humu haviguswi."
"Haviguswi na wageni."
Figa la tatu likakaa.
"Mama alilala upande ule. Mimi huku. Ndama pale, anapumua usiku kucha."
Akaupapasa ukuta, akanusa vidole,
halafu, kwa sauti ya mtu aliyegundua chenji yake imepunjwa:
"Lusajo. Tumelipa kiingilio
kuingia kwetu."

Nje, wanafunzi wa Mbagala walikuwa wamepanga foleni.
Mmoja, soksi zimemshuka, akauliza,
"Bibi, wewe ndiye wa humu ndani?"
Nikafungua mdomo nimkanye.
"Ndiye," akasema shangazi. "Karibuni. Futeni miguu."
Nusu saa nzima. Mtembeza wageni wa pale
alisimama mlangoni, kofia mkononi,
na nadhani alikuwa anaandika kitu.

Alfajiri stendi ya Mbezi,
keshakaa dirishani, kioo keshakifuta kwa kanga,
akanikabidhi karatasi kwa mwandiko wake mpya, mkubwa:
Pugu, msitu. Kunduchi, magofu. Bongoyo (ulizia boti).

Ni wiki ya tatu sasa. Karatasi ipo droo ya bisibisi.
Jana simu yangu mwenyewe ikalia juu ya meza ya kazi,
nami, kwa mara moja, nikasoma:
"Pugu umefika? Usinidanganye.
Siku hizi naona."