Unga wa Shaba

Umeme umekatika Katuba nzima, saa mbili usiku.
Baba ananiuliza: siku nzima chuoni mnapika nini?
Natoa kichupa mfukoni. Unga mweupe,
ungedhani ni masalio ya unga wa bukari.
"Ni shaba," namwambia. Anacheka.
Miaka ishirini na sita mbele ya tanuru,
shaba anaijua kwa kovu:
nyekundu, nzito, na harufu yake
hubaki kiganjani hata baada ya sabuni.

Nawasha kitaa cha kukagulia dola,
nilichoazima kwa Kalenga, mbadilisha pesa,
na unga unawaka

manjano,
kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Anaacha kucheka.
Namweleza nijuavyo: chembe ya shaba ikinyang'anywa elektroni moja,
ukaivika iodini, ukaizuia hewa isiiguse,
humeza mwanga usioonekana
na kuutapika ukionekana.
Ukiinyang'anya mbili, hugeuka buluu. Kimya.
Pengine siku moja vioo vya simu vitawaka kwa hiyo,
badala ya madini ghali ya mbali.
Bado. Ya kwetu hufa baada ya wiki.

Hasikilizi tena. Ameshika kichupa
kwa ule mkono wa vidole vitatu,
anakizungusha polepole,
anatafuta moto umeingilia wapi.

"Haina joto," anasema.
"Haina, baba."
"Basi zima. Kalenga atataka betri zake."

Nazima.
Kichupa hakirudishi.