Sekunde Nne za Twiga

Sekunde nne. Nimezihesabu kwa kidole
mezani kwa Ndekirwa, kwenye simu yake yenye ufa:
fundi Aikaruwa yuko barazani, Kiusa, anapiga cherehani,
anasimulia alivyosomesha wanawe watano
kwa kushona sare za watoto wa wenzake,
na nyuma ya bega lake, shingo na sikio moja,
twiga wangu.

Twiga niliyemchora siku tisa juu ya ngazi ya kuazima,
makopo sita ya rangi, mawili ya mkopo.
Jina langu limekatwa na ukingo wa kioo.
Hata salamu.

Nikavaa shati la Jumapili, nikapanda kwa wakili Mchomvu.
Akatazama. Akarudia kutazama. Akavua miwani.
"Kamera ilimfuata fundi," akasema.
"Twiga alikuwepo tu, kama vumbi, kama redio ya jirani.
Mtu hawezi kuombea ruhusa kila kitakachoonekana
kabla hajafumbua jicho.
Angemfanya twiga ndiye habari, angekulipa.
Lakini huyu kijana, huyu Elirehema, amempita tu."

Kumbe.
Ukiwa kiini, una bei.
Ukiwa pembeni, bure.
Nikashuka ngazi sijui
nimeelimishwa au nimetukanwa.

Jioni nikaenda kumtazama ukutani.
Mlima ulikuwa umejifunika, kawaida yake mtu akiwa na shida.
Nikaanzia kwatoni, nikapanda taratibu,
na pale, katikati ya miguu, nikaviona
nilivyovichora mwenyewe bila kumwuliza mtu:
kibao cha kinyozi, na zile herufi za mikia
alizoandika marehemu Kimambo kwa mkono wake;
kitenge cha muuza ndizi, ua kwa ua,
ua ambalo mtu fulani kiwandani
alikesha akilibuni.

Vilikuwepo tu.
Mimi nilikuwa namfuata twiga.

Nikacheka peke yangu hadi Aikaruwa
akasimamisha cherehani, akaniuliza kama nimekunywa.

Kesho yake nikarudi na brashi ndogo kuliko zote.
Chini kabisa, karibu na mtaro,
pale ambapo matope ya masika hurukia,
nimemweka kijana asiyezidi dole gumba,
kamera begani, uso kautazamisha kwingine.

Akija kudai, nitamwambia
alikuwa anapita.