Karani wa Mizani

Kigoma, mwisho wa reli, mwaka wa sitini na tano.
Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya sahani ya chuma,
ghala namba mbili, kusogeza jiwe la shaba
mpaka mkono utulie, kisha kuandika:
mawese, madebe kumi na manane;
dagaa, magunia sita, moja limelowa;
chumvi ya Uvinza, mwenyewe hajulikani.
Usiku niliandika mashairi.
Huko nako nilikuwa karani wa mizani:
nane huku, nane huku,
na ole wake neno lililonenepa.

Masika yale gari la Jumanne lilileta masanduku
yaliyoandikwa VIFAA VYA SHULE.
Shule nimesoma. Chaki haivunji mgongo wa Gwasa,
na Gwasa aliwahi kupandisha kinanda cha misheni
kutoka gatini hadi kanisani bila kutua.
Siku hiyo alitua mara tatu.
Mkono wa mizani uliruka, ukagonga chuma.
"Andika ratili arobaini," akasema bwana mwenye miwani,
na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

Wote walikuwa na Kiswahili safi.
Dukani kwa Hirji redio ilikuwa na mshale mmoja:
usogeze kushoto, ndugu wasikilizaji, hapa ni Mosko;
kulia, wapenzi wasikilizaji, hapa ni Washington;
katikati, kwa mikwaruzo, Peking inakohoa.
Wote walitupenda.
Hakuna aliyeuliza bei ya dagaa.

Masanduku ya wale wengine yalipita mlango wa mbele,
mchana kweupe, yamechorwa mikono miwili iliyoshikana:
unga wa maziwa, zawadi.
Makopo tukayafanya koroboi.
Ndege zao nazo zikaja, ng'ambo ya ziwa,
kuzitafuta zile chaki nilizozipima mimi.
Usiku tuliona milima ya Kongo inawaka,
tukaambiana ni watu wanachoma mashamba.
Mwezi mzima walichoma mashamba.

Bitariho, mwana wa Gwasa, alivuka na masanduku
kwa shilingi kumi na ahadi ya viatu.
Alirudi siku ya tisa, amelazwa juu ya nyavu.
Viatu alikuwa navyo.

Mbao zilikuwa adimu. Fundi Songoro wa Ujiji
alibomoa alichokikuta:
ubavu wa kushoto una nyota na herufi tusizozijua,
wa kulia una mikono iliyoshikana.
Ndani ya jeneza lile ndipo nilipowaona wakikutana
bila mkalimani.
Walipolipitisha mbele ya ghala, Gwasa alisimama.
"Wewe ndiye karani," akaniambia. "Pima."
Nikapima.
Sikuandika.

Watu husema ziumiazo ni nyasi. Haya.
Lakini nyasi huota tena.
Nyabenda, mama yake, kila vuli hupalilia pale,
na kinachoota ni nyasi tu.

Mwaka ule redio ilipotangaza
kwamba ugomvi wao umekwisha,
kwamba mmoja ameshinda, sikusikia nini,
nilifungua daftari langu la zamani,
nikakuta ubeti nilioushindwa:

*Napima ninachopima, cha ndani hakinihusu,*
*Wakubwa wamenituma, kuhoji hawaruhusu,*
*Ukweli nikiusema, nitausema kwa nusu,*
*Mizani imeinama, upande wa*

Zimebaki mizani nne.
Miaka ishirini na kitu nimezitafutia neno
la kuishia na *su*, kama kanuni itakavyo.
Nimejaribu yote. Yote ni mepesi.
Jana nimeandika: Bitariho.
Bi, ta, ri, ho. Nne kamili.
Mizani imetimia.
Kina kimekataa.
Nimeuacha hivyo hivyo.